Maharagwe Aliyoniondolea Mama

Jumapili jioni, Julai 2009

Leo jua halikutoka kabisa. Ukungu umekalia vilima vya Machakos tangu asubuhi, nami nimevaa sweta mbili na bado natetemeka. Zamani nilikuwa mtu wa kutoka jasho hata mwezi huu wa baridi.

Nimechoka. Si kazi iliyonichosha. Nimechoka kula.

Hii ni wiki ya kumi na tatu tangu nipasuliwe. Mnaopita kwenye blogu hii mara kwa mara mnaijua hadithi: sukari, magoti yaliyogoma, mizani ya kliniki iliyofika kilo mia na thelathini, na daktari wa Nairobi aliyeniambia bila kupepesa macho kwamba nikiendelea hivyo sitamaliza miaka mingi. Walilipunguza tumbo langu. Sasa linabeba chakula cha kujaza kikombe kidogo cha chai, basi.

Niliambiwa njaa itaisha, na kweli iliisha. Sikuambiwa kwamba kula kutageuka kibarua. Dada wa lishe pale kliniki aliniandikia kwa kalamu nyekundu: protini kwanza, mboga zifuate, ugali na wenzake mwisho kama nafasi itabaki. Nafasi haibaki. Yai moja la kuchemsha linanichukua nusu saa. Kuku nisipomtafuna hadi awe uji ananikwama kifuani, nakaa nimeinama nikimeza mate na kujuta. Samaki tulipendana wiki mbili, siku hizi harufu yake tu inanitoa jikoni. Kuna mama mmoja Msomali karibu na soko anayeuza maziwa ya ngamia, hayo yanapita vizuri, lakini kuna siku hana. Na ule unga wa protini wa kopo una ladha ya chaki. Mimi ni mwalimu, chaki naijua.

Jumatano nilirudi kupimwa damu. Dada wa lishe aliitazama karatasi, akakitazama kichwa changu, akaniuliza wikendi nakula nini. Nikamwambia nakwenda kwa mama kule Mitaboni na huko nakula maharagwe. Akasema basi hayo maharagwe hayaonekani kwenye damu, na mwezi ukiisha hali ikiwa hivi hivi nitalazwa tena. Nywele zinaniisha. Nikipanda ngazi za shule nashika ukuta.

Kwa mama siyagusi maharagwe.

Ngoja niungame, maana hapa sijawahi kuliandika. Mama hakujua nilifanyiwa nini. Nilimwambia ni vidonda vya tumbo.

Nilimdanganya kwa sababu namjua. Mama alitulea miaka ya ukame, tukingojea mahindi ya manjano ya msaada, na alihakikisha hatulali njaa hata mara moja. Mwili wangu mkubwa ulikuwa fahari yake. Wageni wakija alinisimamisha mbele yao kama ng'ombe wa maonyesho. Ningemwambiaje mtu kama huyo kwamba nimekwenda kwa hiari yangu kukatwa tumbo ili chakula kisiingie? Vidonda vya tumbo kila mtu anavielewa, hakuna anayeuliza maswali.

Sasa ukitaja vidonda vya tumbo huku kwetu, jambo la kwanza utakalosikia ni kwamba usiguse maharagwe. Mama alilishika hilo kama amri ya kanisani. Kila wikendi anapika muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, pamoja na maharagwe. Kisha anakaa kwenye kigoda, sufuria miguuni, anavaa miwani, na kuyaondoa maharagwe moja moja kwa kijiko. Ni kazi ya saa nzima. Mimi naletewa mahindi matupu, meupe na laini, na supu juu. Maharagwe anakula yeye, yanayobaki wanapewa kuku.

Fikiria. Mimi natafuta protini Machakos nzima, na kuku wa mama wanakula yangu.

Na nilikula hayo mahindi. Wiki tisa sasa. Vijiko sita, nimejaa, hakuna tena nafasi ya kitu kingine hadi jioni. Ningeweza kusema daktari ameruhusu maharagwe. Nilijaribu mara moja, mama akasema madaktari wa siku hizi ni watoto, hawajui tumbo. Nikachukua kijiko. Nilikuwa naona haya, na uvivu wa kueleza ulinizidi.

Leo baada ya ibada aliniambia nikae chini anifumue matuta ya nywele. Tulikuwa jikoni, moto unawaka vizuri chini ya sufuria ya muthokoi ambao alikuwa hajauchambua bado, na kwa mara ya kwanza leo nilihisi joto. Alifumua mstari wa kwanza. Wa pili. Kisha alipopitisha kitana, mkono wake ukasimama.

Sikugeuka. Nilijua ni nini.

Nilipomtazama alikuwa ameziweka nywele zilizong'oka kichwani mwangu kwenye pindo la leso na kulifunga fundo, kama mtu anayeficha kitu kisionekane na jirani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kikamba, nami nayaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza:

"Mwiitu wakwa, niambie tu. Kama ni huo ugonjwa, siku hizi kuna dawa. Mimi sitakufukuza."

Mwiitu wakwa, binti yangu. Mama haniiti hivyo ovyo.

Nilikuwa nimesahau watu wanaona nini mtu akikonda ghafla. Kumbe yeye hakusahau. Aliniambia wamama wa kanisa wameanza kumshika mkono na kukawia kuuachia. Na tangu nilipotoka hospitali amekuwa akifunga kila Alhamisi, hali kitu mchana kutwa, akiniombea. Mama yangu, na miaka yake sabini na presha yake. Mimi nashindwa kumaliza yai, naye anashinda njaa kwa ajili ya ugonjwa ambao sina.

Nililia vibaya. Kisha nikamwambia yote.

Sikupamba. Nilimwambia tumbo lilikatwa, kwamba niliomba mwenyewe, kwamba vidonda sijawahi kuwa navyo. Nikamwambia na habari ya maharagwe, kwamba hicho anachoniondolea ndicho nilichoagizwa nile.

Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Hicho kipande cha tumbo walikitupa wapi?"

Sijui. Sikuwahi kuuliza. Alitikisa kichwa kana kwamba hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote.

La pili ndilo limenikaa hadi sasa. "Kwa hivyo ni chakula changu kilichokuharibu?"

Nilisema hapana. Nilisema hapana mara nyingi, nikataja sukari ya marehemu baba, nikataja soda na chipsi za mjini. Alimaliza kunifumua, pole pole, akivuta kidogo kuliko kawaida, kisha akainuka akanipa mgongo na kushughulika na masufuria yake. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Nilidhani analia na hataki nimwone. Nilikusanya vitu vyangu nikakaa kwenye kiti cha sebuleni na koti mwilini, kama mgeni.

Kwa kawaida mama hunisindikiza hadi barabarani, hata mvua ikinyesha, na tukifika hapo tunaanza mazungumzo upya. Leo aliishia mlangoni. Alinipa kopo kuukuu la mafuta ya kupikia lililofungwa kwa kitambaa, akasema nisilipindue. Nilitembea peke yangu nikiwa na hakika kwamba nimemvunja.

Nimefika nyumbani saa kumi na mbili. Sikulifungua mara moja. Nilijua ndani kuna muthokoi, yale mahindi meupe, na sikuwa na nguvu ya kuyatazama.

Nimelifungua sasa hivi.

Ni maharagwe. Maharagwe tu, kopo zima, yamepondwa kidogo kwa mgongo wa kijiko ili yasinikwame. Nimepekua hadi chini. Hakuna punje hata moja ya mahindi. Aliponipa mgongo kule jikoni, hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akifanya: kuondoa mahindi.

Nimekula vijiko vitano, nikitafuna vizuri kama nilivyoagizwa, na vyote vimekaa. Uchovu uko pale pale. Nywele hazitarudi kesho, na sijui kama amenisamehe au ameamua tu kwamba mtoto wake ale kwanza, mengine baadaye.

Alhamisi nitampigia simu saa saba mchana, wanafunzi wakiwa mapumzikoni, nimuulize kama amekula.