Majani ya Karoti ku Kaburi ya Mama

Kamina, 20/11/2023

Yaya Émerence, dada yangu,

Jambo yako na ya batoto kule Lubumbashi. Kikohozi ya Béni ilipona? Huku tuko, mvua inanyesha tu. Shofere ya kamyo alileta mbegu yako, na nilishapanda ku kaburi ya Mama vile ulisema. Lakini inafanana sana na mbegu ya ile majani yenye inashikamanaka ku miguu ya patalo mutu akipita mu pori. Iko maua kweli?

Mudogo wako,
Jephté

Lubumbashi, 2/12/2023

Jephté,

Jambo. Béni alipona. Mbegu niliokota minyi mwenyewe ku jardin ya maua ya patron kwenye natumikaka: jicho ya manjano katikati, pembeni yote rangi ya rose. Kama inaota, angalia majani. Yenye iko myembamba kama ya karoti, acha. Yenye iko mipana na meno-meno, ng'oa, njo ile ya patalo.

Mulimuzika Mama bila kuningoja, na kamyo yetu ilikuwa imekwama mu matope. Sikuona hata uso yake. Siku ya kumaliza kilio nitakuya. Nikikuta kaburi bila maua, usiniitake tena yaya.

Émerence

Kamina, 15/1/2024

Yaya,

Natumaini mwili iko nguvu. Majani ya karoti inafika ku magoti yangu. Yenye ilisongamana nilipunguza, ingine nilifunga ku kijiti juu ya upepo, isivunjike. Maua haiyafunguka, iko vifundo tu. Utaikuta.

Ile ya kuzika, joto ilikuwa mingi. Pasteur alisema Mama hawezi kungoja. Minyi nilinyamaza.

Mudogo wako

Lubumbashi, 5/2/2024

Jephté,

Sikuulizi habari. Siku ya kumaliza kilio nilikuta ku kaburi udongo mutupu, imefagiwa kama parcelle ya nyumba. Mama Noémie aliniambia yeye na bamama ba kanisa njo balilima kaburi, siku moja mbele ya kilio, juu ya heshima. Na weye ulikuwa pale, unabaangalia.

Ku kuzika ulinyamaza. Ku maua ulinyamaza. Kinywa yako iko ya kazi gani, ya kula bukari tu? Usiniandikie tena.

Émerence

Kamina, 10/3/2024

Yaya,

Ulinikataza, lakini umusalimie Béni.

Iko kweli, nilikuwa pale. Mama Noémie alisema, "Kaburi ya mukristo haiotake majani." Benzake bakacheka, bakainama na majembe. Wakati ulirudia Lubumbashi, nilienda kuangalia kwenye balitupa majani. Mvua ilikuwa imenyesha, ingine mizizi ilikuwa na udongo bado. Nikaikata vichwa, nikaipanda tena palepale. Mingi ilikufa. Yenye ilibakia, juma hii imefunguka: jicho ya manjano, pembeni rose.

Jana Mama Noémie alikuya na jembe yake. "Weye kijana, sasa unalindaka majani?"

Nikasimama mbele ya kaburi. "Mama, hii iko ya yaya yangu. Anza kunilima minyi."

Akatia jembe ku bega. "Kumbe unasemaka," akasema. Akaenda.

Yaya, sikukungoja, iko vile. Maua pia haitakungoja. Kama haukuyi, itanyauka, nitakamata mbegu, nitapanda tena. Lakini kukuomba radhi nimeshachoka.

Mudogo wako,
Jephté

Lubumbashi, 16/3/2024

Jephté,

Béni anakusalimia. Sikukusamehe bado, usijidanganye.

Mbegu usiguse. Nitaikamata na mikono yangu. Barua hii inatangulia tu, minyi niko ku kamyo yenye inafuata.

Yaya yako