Kisima cha Porini Ukutani

Jumanne, baada ya isha

Ramani nimeibandua mwenyewe.

Wanafunzi wangu wanakusanya majina ya zamani ya mahali hapa, ya Kimwani, lugha ya pwani hii, yale ambayo hayamo kwenye vitabu vya shule. Niliwafundisha adabu ya kazi hiyo: piga hodi, omba ruhusa, mtu akikataa, shukuru uondoke. Asubuhi Zainabu akaleta ramani aliyochora na bibi yake, Bi Atija. Niliisifu mbele ya darasa, nikaibandika karibu na dirisha la barabarani.

Adhuhuri Bi Atija akaja. Nilimpa kiti, hakuketi.

"Profesori," akasema, kama wanavyotuita walimu huku, "kile kisima cha porini umekiweka dirishani?"

Hapo nikaelewa. Kwenye kisima kile ndiko Bi Atija na wenzake walikojificha na watoto wao mji ulipovamiwa. Ukivamiwa tena, watakimbilia huko huko.

"Lakini bibi, Zainabu alikuomba ruhusa," nikasema. Aibu iliyoje!

"Aliniomba, nikampa. Nilimpa yeye. Sikuwapa wapita njia."

Ramani nimeichoma jikoni. Lakini dirisha lilikuwa wazi tangu asubuhi, na barabara ile anapita kila mtu. Nani alisimama? Nani alipiga picha kwa simu? Najaribu kukumbuka nyuso, na...

Jioni Zainabu aliniuliza, huku analia, kama alikosea mahali kwenye ramani yake.

Nilimwambia hakukosea hata njia moja. Ndiyo maana leo sipati usingizi.