Ulilifukia Shimo

Baba Salma,

Nimeanza na "mpendwa" nikafuta. Nakuandikia hapa kwenye grupu la familia, mbele za watu, kwa sababu meseji zangu unazifungua zote, umejibu moja tu.

Kifurushi chako kimefika hapa kwetu Kingstanding. Salma amekivaa kifuani kile kidude kilichokuwemo, anazunguka nacho sebuleni, ananiambia kwa Kiingereza chake kwamba likizo ya Februari unampeleka milimani kwenye theluji ya kweli. Nikamuuliza kidude ni cha nini, hajui. Mimi najua. Kinatoa ishara ili mtu aliyefukiwa na theluji apatikane. Umemnunulia mtoto wa miaka sita kitu cha kumtafutia chini ya theluji, ukakifunga na utepe wa waridi.

Unakumbuka kule Scotland, Salma bado ananyonya, tukamwacha kwa wifi, mtaa wa Hodge Hill? Siku ile nilikupenda, sikatai. Ulinivalisha glavu zako, ukachimba shimo ubavuni mwa mlima, ukanionyesha theluji ilivyolala tabaka tabaka. Juu ngumu, upepo umeishindilia. Chini yake chengachenga kama sukari, haishikani. Ukakata kipande kuipima kama itashika, ukaweka koleo juu yake, ukaligonga kwa kiganja. Hata hukutia nguvu. Bamba zima likachomoka, likatuangukia miguuni.

"Basi turudi," nikasema.

"Hapa upepo umerundika tu. Kule tunakopita kuko sawa."

"Kule umechimba?"

"Mama Salma, wewe mlima umeanza kuujua lini?"

Rafiki zako tuliopanda nao wakacheka. Ukalifukia shimo kwa buti, tukaenda.

Hatukufika mbali. Mlima uliguna, ufa ukakimbia kutoka mguuni mwako, theluji ikakubeba mpaka ukakwama kwenye mwamba. Tulikufukua kwa mikono, umezama hadi kifuani, midomo imegeuka rangi. Kwenye gari neno lako la kwanza likawa, "Wifi yako asijue."

Sasa juzi nilipokuuliza kuhusu safari hii, jibu lako pekee: "Mimi huipima theluji kila mara." Najua unapima. Siku ile ulipima, ukaona kwa macho yako, ukafukia.

Salma haendi. Usimtume dada yako kunibembeleza, na usimpigie mtoto kumpa hamu. Kidude nakirudisha kwako kwa posta kesho.

Likizo hiyo njoo wewe. Nyuma ya nyumba zetu kuna kilima, theluji ikidondoka watoto wanateleza na masinia ya jikoni. Isipodondoka, mkae naye dirishani mngoje. Huyu anamtaka baba yake, mlima ni wewe unayeutaka.

Atakuuliza kwa nini nimekataa. Mwambie habari za shimo, zote, mpaka pale ulipolifukia. Ukiweza kumwambia, nitakutilia chai, na glavu zako bado ninazo. Ukishindwa, geuza gari uondoke. Nitamwambia mwenyewe.

Ni mimi,
Mama Salma