Karafuu Kwenye Chupa Nyeupe

Jumatano, 3 Septemba 2025
Gulwe. Wiki ya sita, ya mwisho. Kina mama arobaini wamerudisha chupa za kusukutulia. Vifuniko vyekundu: maji yenye mafuta ya karafuu na mchaichai. Vyeupe: maji matupu. Nimewapima fizi wote. Ukoga wa meno umepungua, damu haitoki — hata kwa wa maji matupu! Nikafungua chupa nyeupe. Karafuu. Ya pili — karafuu. Jamani, nilichanganya mimi siku ya kugawa? Shahada yangu ya uzamili yote imo humo.

Alhamisi, 4 Septemba
Si mimi! Nimemuuliza mama Ruthu, kiongozi wa kwaya yao. Kanijibu huku anasonga ugali. Siku ya kwanza tu walinusa, wakajua wengine wamepewa dawa na wengine maji. Wakamimina zote kwenye ndoo moja ya kanisani, wakakoroga, wakajaziana upya. Na kila nilipoleta nyingine, vivyo hivyo.

"Mwanangu, ulitaka nusu yetu tuoze fizi, wenzetu wanatutazama tu?"

Nimecheka. Halafu nikaenda nyuma ya zahanati nikalia.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimempigia Dokta Respicius, msimamizi wangu, yuko Dodoma. Nikamweleza habari ya ndoo. Akauliza: "Hizo chupa, ulizinusa peke yako?"

Nikasema ndiyo. Basi, akasema, namba za kundi la chupa nyeupe nizirekebishe kidogo, ionekane fizi zao bado zinatoka damu. Jumatatu anakuja na mfadhili. Nimeitikia, sawa Dokta. Mwoga mimi! Nimebadilisha namba za kina mama kumi na tisa.

Jumapili, 7 Septemba
Baada ya ibada mama Ruthu kaniambia, anang'aa, kwamba kesho atasoma risala yeye. Atawaeleza wageni walivyogawana sawa kwa sawa, hakuna aliyepunjwa. Nilitaka kumwambia anyamaze. Ningeanzaje? Shikamoo mama, naomba unisaidie kudanganya? Nikamsifia kitenge chake, nikaondoka.

Jumatatu, 8 Septemba
Naandika nikiwa meza kuu, wanadhani nanukuu hotuba. Ripoti yangu anayo mfadhili, mama mmoja mpole, anafuata jedwali kwa kidole. Dokta ananitazama mimi tu. Mama Ruthu kasimama na karatasi yake. Kasalimia. Kamshukuru Mungu. Kaeleza ndoo. Kidole cha mfadhili kimesimama. Sasa ananishukuru mimi, kwa jina, Anitha binti yetu, kwamba nimejua yote tangu Alhamisi na sikuwagombeza —