Kizibo cha Gari la Liban

Jumamosi, 3 Mei

Nimewasha gari tena. Kila Jumamosi baada ya chai nafunua turubai, namfukuza mbuzi wa jirani, nawasha. Injini hii ina visa. Haina pistoni za kupanda na kushuka, ndani kuna kipande cha pembe tatu kinachozunguka. Ukiizima kabla haijapata moto inajaa petroli na kukununia. Kwa hiyo nakaa kwenye kiti cha ndugu yangu Liban, mwalimu mzima, nasahihisha insha za Fomu Tatu mpaka joto lipande.

Leo imenguruma vibaya. Kutu imetoboa ekzosi.

Abti Noor, kaka yake hooyo, yaani mama yetu, amepiga simu kutoka Lafey. Liban amesema gari liuzwe. Mwenyewe hakutaka kushika simu. Huyu ndiye aliyelitoa Mombasa akaliendesha mpaka hapa Waberi akicheka peke yake njia nzima. Tangu basi walilopanda lipigwe risasi kwenye barabara ya Mandera, na Zakaria rafiki yake kufa kando yake, hajapanda chombo chochote. Aliishia kwa ngamia wa abti na huko ndiko aliko. Anatembea kwa miguu tu.

Nikiliuza hili gari, hana cha kumrudisha. Ndivyo nionavyo. Naogopa.

Jumapili, 4 Mei

Hooyo kaniuliza naandika nini kila siku. Nikasema kazi ya shule. Uongo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu humu ndani ni Liban peke yake angekisoma.

Nimeamua. Simpi mtu sikio. Gari litatengenezwa kabla ya Idd.

Jumanne, 6 Mei

Kwa Kioko, fundi wa kuchomelea, nyuma ya soko la mifugo. Mkamba, mtu wa maneno machache. Alilala chini ya gari, akatoka na vumbi la kutu kwenye kope.

Kasema ekzosi ya dukani haifai, ataunda mwenyewe. Injini ya aina hii inatema moto mkali kuliko za kawaida, sufi wanayojaza kwenye sailensa itaungua mara moja. Njia ni mbili. Bomba nene lililo wazi mpaka nyuma, lipige kelele. Au sailensa kubwa ya vyuma vitupu ndani, linyamaze.

Nilikuwa na jibu kabla hajamaliza. Kabla ya ile safari Liban hakunionyesha kitu kwenye simu ila video za magari kama lake yenye bomba wazi. Vipimo vya bomba alilolitaka bado viko kwa chaki kwenye ukuta wetu. Nikavinakili, nikampa Kioko.

Nimerudi nyumbani nikijiona mjanja.

Jumamosi, 10 Mei

Sijui niandike vipi.

Bomba limefungwa asubuhi. Ngurumo nzuri kweli, nzito, inakutikisa kifua. Nikacheka kama Liban. Nikaondoka. Njia panda ya kina mama wa maziwa nikaona punda, nikatoa mguu kwenye mafuta ghafla. Petroli iliyobaki ikalipukia ndani ya bomba. Mlio mmoja. Kisha miwili mfululizo.

Watu wote walikuwa chini. Wote. Mzee mmoja alimlalia mjukuu wake. Askari aliyekuwa akinywa soda alijitupa nyuma ya gunia la makaa, na alipoinuka bunduki ilikuwa inanitazama mimi. Niliinua mikono. Nilisema ni gari, ni gari, ni gari.

Mama Deqa anatuuzia maziwa ya ngamia tangu niko shule ya msingi. Alisimama na dirac, gauni lake, imelowa maziwa.

"Mwalimu, wewe nataka kuua sisi? Mimi nalala chini, bolisi nalala chini, maziwa yote namwagika. Hii kitu nalia kama bunduki, wallahi."

Hakunitukana zaidi. Afadhali angenitukana. Aliinama akaanza kuokota vyombo vyake.

Jumapili, 11 Mei

Ningempigia Liban simu, "njoo uone nilichokutengenezea." Angekaa pale mbele. Angetoa mguu kwenye mafuta.

Nilikuwa nampelekea ndugu yangu risasi kama zawadi. Mji huu wote unajua mlio ule na mimi ndimi niliyesahau, kwa furaha. Najichukia leo.

Jumatano, 14 Mei

Kioko amelikata bomba, ameweka sailensa kubwa. Hakuuliza kitu, habari ilishamfikia.

Gari limenyamaza kabisa. Nimepita njia panda na hakuna aliyegeuka. Mama Deqa kaniinulia mkono. Ilipaswa kunifurahisha. Lakini ni kama limefunikwa sanda.

Alhamisi, 15 Mei

Nimerekodi mlio mpya kwa simu nikamtumia Liban. Amesikiliza. Jibu limekuja baada ya swala ya alasiri, maandishi: "Hiyo si gari yangu, abaayo, dada yangu. Uza tu."

Kelele ni kosa. Kimya ni kosa. Sina la tatu.

Jumatatu, 19 Mei

Kuna mnunuzi Nairobi. Kijana, sauti ya haraka, kila sentensi "fiti, fiti". Atakuja Jumapili. Nimemwambia sawa.

Sijamwambia hooyo.

Ijumaa, 23 Mei

Hooyo anajua. Nyumba hii haina siri. Nilikuwa nachambua mchele, akakaa kwenye mkeka, akauliza kwa nini gari halisikiki siku hizi. Miaka yote alilaani mlio ule, akisema unamtoa malaika nyumbani. Nikamweleza yote. Njia panda, bunduki, sailensa, jibu la Liban, kijana wa Nairobi.

Alichambua mchele pamoja nami. Kisha akaanza kusema habari za koor, kengele ya mti anayovaa ngamia wa mbele. Nilidhani anatangatanga, kama kawaida yake. Akasema walipokuwa wakihama na ilibidi wapite mahali pa hatari, waliiziba koor kwa nyasi. Hawakuivua. Hawakuitupa. Ngamia alipita na koor yake shingoni, kimya. Wakifika penye usalama nyasi zinatolewa, na anayezitoa ni mwenye ngamia. Hata baba yake akiwepo, hamgusii.

"Nani kakwambia umchagulie mwanangu?" akasema. "Mpe nyasi."

Nimelia juu ya mchele. Kaniambia nisiuloweshe.

Jumamosi, 24 Mei

Kwa Kioko mapema. Nilimweleza habari ya ngamia, mimi mwalimu, nikichora koor mchangani kwa kijiti. Alinitazama kama nimepigwa na jua. Kisha akasema, "Kizibo. Si ungesema kizibo tu."

Amerudisha bomba wazi. Halafu akaunda bomba dogo la matundu, lenye vyuma ndani, linaloingia kwenye mdomo wa lile kubwa na kushikwa na bolti moja. Likiwemo, gari linanong'ona. Likitoka, linanguruma. Tulilijaribu bila kizibo mbali kabisa, kwenye uwanda, baada ya kuwaambia askari wa kizuizi cha barabarani. Mmoja alikuwa yule wa soda. Akasema, "Asante kwa kutuambia, madam." Sikuweza kumtazama.

Nikampigia kijana wa Nairobi. Gari haliuzwi. Hakusema fiti.

Jumapili, 25 Mei

Nimekipiga picha kizibo kikiwa kwenye kiganja cha hooyo. Nimemtumia Liban na neno moja la Kisomali. Nyasi.

Ameona. Hajajibu.

Alhamisi, 29 Mei

Bado.

Jumatatu, 2 Juni

Nimegombana na darasa zima bila sababu. Nafungua simu kila kipindi. Hooyo haulizi, lakini ameosha shuka za chumba cha Liban.

Alhamisi, 5 Juni

Amekuja.

Kwa basi. Njia nzima, barabara ileile. Abti Noor alimsindikiza, anasema Liban alifunika kichwa kwa shali tangu walipoondoka, hakula, hakusema. Amekonda, ndevu zimejaa. Hooyo alimshika uso muda mrefu. Liban alipita kando ya gari kama hakuliona.

Ijumaa, 6 Juni

Idd. Watu wengi, nyama, watoto. Mlango wa jirani uligongwa kwa nguvu, Liban akawa sakafuni kabla sisi hatujageuka. Watoto walidhani anacheza nao, wakamlalia mgongoni. Akawaacha.

Wageni walipoondoka nilimkuta uani, amechuchumaa nyuma ya gari, kidole ndani ya bomba. Nilimpa spana ya ile bolti. Akaitia mfukoni akaingia ndani.

Jumapili, 8 Juni

Asubuhi ya leo Liban alifunua turubai mwenyewe. Aliwasha, akasubiri injini ipate moto, mikono juu ya usukani. Jasho lilikuwa linamtoka. Nilitaka kwenda naye. Hooyo akanishika nguo.

Akatoka getini kimya, kizibo kikiwemo. Nilimsikia mpaka kona ya msikiti, kisha sikumsikia tena. Mimi na hooyo tulikaa kwenye mkeka. Yeye na tasbihi, mimi na rundo la insha ambazo sikuzisoma. Chai ikapoa. Nikafikiria kizuizi, punda, mlango wowote ambao ungeweza kugongwa.

Halafu mbali sana, upande wa uwanda, ngurumo. Ndogo, kama ya mvua ya wilaya nyingine. Ikapanda. Ikalipuka mara moja. Ikapanda tena.

Hooyo hakuinua kichwa kutoka kwenye tasbihi. "Ametoa nyasi," akasema.

Amerudi mjini kimya, kizibo mahali pake. Vidole viwili vimeungua, hakungoja bomba lipoe. Nimempaka asali na kumfunga kitambaa, na ameuliza kama kuna chai.