Safari Ishirini na Tatu

Falls Church, Virginia
Jumapili, 12 Oktoba 2025
Asubuhi: manyunyu tangu alfajiri, upepo, baridi ya kuvaa sweta.

Mpendwa Mama Clement,

Nakusalimu wewe, nawasalimu Clement na mdogo wake, na mama mkwe wako pia. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia daktari amekukataza kuinama, nami nikajua umerudi nyumbani ukainama vilevile. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, lakini mengine yote yanafanya kazi.

Utashangaa kupata barua wakati tunaongea kwa simu kila baada ya wiki mbili. Isack, mwenzetu wa huku, anasafiri keshokutwa kuja Mwanza, nitampa akuletee mkononi. Kwa nini nimeandika badala ya kupiga, nitakueleza mbele. Kwanza nikupe habari njema, maana ipo, na nimekuficha tangu Juni nikiogopa isije ikaharibika.

Unajua nina miaka kumi na miwili katika chumba cha kufulia cha hoteli kule Arlington. Mwezi wa tano zililetwa mashine mpya, na watu wanne kati ya tisa tukaambiwa tutapunguziwa saa za kazi. Dada mmoja wa kanisani akanipa kadi ya mwanamke anayewasaidia watu kutafuta kazi: anakaa nawe, anakuhoji, anakusahihishia wasifu wako, anakufundisha usaili. Na unamlipa. Nilimwambia yule dada kwamba sijafikia kumlipa mtu aniulize habari zangu mwenyewe, wakati kwenye harusi naulizwa bure. Hata hivyo nilikwenda, Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nne kamili.

Anaitwa Taraji. Ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Washington. Kiswahili alikisoma chuo kikuu, kisha akakaa mwaka mmoja Morogoro, na mpaka leo anaongea kama kitabu cha shule. Tangu mlangoni aliniita Bibi Ghati. Nikamwambia nina miaka arobaini na miwili na sina mjukuu. Akajibu kwa utulivu kwamba mwalimu wake alimfundisha kuwa hiyo ni heshima, na kwamba hana nia ya kuiacha heshima kwa sababu mimi naogopa uzee. Nikamwachia.

Wasifu wangu niliuandika kama tulivyofundishwa: tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, na picha ya pasipoti pale juu kulia. Alichukua kalamu akakata dini, akakata ndoa, akaibandua picha. Akasema, "Bibi Ghati, hawa wanataka kukuajiri, hawaji kukuposa." Nilicheka mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Baada ya kukatwa vyote hivyo, ukurasa ulibaki na mistari mitatu, na miwili kati ya hiyo ilihusu mashuka.

Jambo lililobadilisha mambo lilitokea mara ya pili, tarehe 28. Tulikuwa katikati ya mazungumzo simu yangu ikaita. Mtu alikuwa amefariki Silver Spring, na mimi ndiye katibu wa kamati ya misiba ya Watanzania wa huku. Nikaomba radhi, nikapokea. Nilimuuliza yule ndugu pasipoti ya marehemu iko wapi, nani wa karibu anayeweza kutia saini, daktari ameandika cheti au bado, jeneza la kusafirishia limeulizwa, ndege ipi inapokea mizigo ya aina hiyo na siku gani. Dakika saba hivi. Nilipokata simu nikaomba radhi tena kwa kumpotezea muda. Taraji alikuwa ameandika kila nilichosema. Aliuliza nimefanya hivyo mara ngapi. Nikatoa shajara zangu mbili za mwisho kwenye mkoba, na zile za zamani nikahesabu kwa kichwa: safari ishirini na tatu za kuwarudisha marehemu nyumbani, kwa miaka tisa. Akaniuliza, pole pole, kwa nini jambo hilo halimo katika wasifu. Nikamjibu kwamba ile si kazi, ile ni misiba.

Akaniambia kuna watu wanalipwa mshahara kwa shughuli hiyohiyo, tena wengi wao hawaiwezi kama mimi.

Mama Clement, sijui nikueleze vipi. Nimefanya kazi nchi hii miaka kumi na miwili na hakuna aliyewahi kuniangalia nikifanya jambo akaniambia naliweza. Nilipoandika kwamba kamati ilifanya hivi na kamati ilifanya vile, aliniuliza nani ndani ya kamati aliyekwenda ubalozini. Nikasema mimi. Nani aliyekata tiketi? Mimi. Akasema basi kamati hiyo ina goti bovu la kushoto. Hakuniahidi kazi hata siku moja. Kuna wiki mbili alizoona hana la kunifundisha, akanirudisha nyumbani bila kunitoza.

Ofisi hiyohiyo kuna mshauri wa fedha, Dunstan, Mkenya wa Kisumu. Nilikwenda kwake nikijua atanikemea kwa michango ya harusi na misiba ninayotoa kila mwezi. Hakunikemea. Aliangalia, akasema, "Hiyo ni kama kodi ya kuwa mtu wa watu, madam, hiyo siigusi." Alichogusa ni ovataimu. Alinionyesha kwamba mshahara wenye bima ya afya, hata ukiwa mdogo kwa saa, unaniachia pesa zaidi kuliko zamu za usiku zinazoniharibia goti, halafu nalitibu goti kwa pesa ya zamu. Akanishauri nisiache hoteli mpaka niwe na akiba ya miezi mitatu. Nilipouliza ananiuzia nini, alisema leo hauzi kitu, niende nikalale. Nimeipata hiyo akiba mwezi uliopita.

Sasa kazi yenyewe. Ni kampuni ndogo inayoandaa mazishi, upande wa Beltsville. Wanatafuta mratibu wa kusafirisha marehemu kurudi kwao, Afrika zaidi. Usiogope, na mama yangu umwambie asiogope, mimi sitagusa maiti. Mimi ni makaratasi, simu na ndege.

Taraji alinifanyisha mazoezi ya usaili mwezi wa nane wote. Kuna swali moja ambalo Wamarekani hulipenda: eleza kosa kubwa ulilowahi kufanya kazini. Mara ya kwanza nilijibu kwamba kosa langu ni kujituma kupita kiasi. Taraji aliweka kalamu chini. Alisema jibu hilo amelisikia mara mia nne na hajawahi kuliamini. Nikasema sina jingine. Akaniangalia, akasema, "Unalo, Bibi Ghati. Umeshika mkoba kama mtu anayetaka kukimbia." Hakunilazimisha kumwambia. Aliniambia tu nisiende kwenye usaili na jibu la uongo, kwa sababu watu wa kazi ile hukaa na waliofiwa kila siku na wanamjua mtu anayeficha.

Alhamisi tarehe 2 mwezi huu nilikaa mbele ya mwenye kampuni, mama mmoja anaitwa Cheryl. Swali likaja. Nikajibu kweli. Na jibu hilo ndilo barua hii, kwa sababu linakuhusu wewe.

Unakumbuka mumeo Boniface alifariki huku Jumamosi tarehe 20 Novemba 2021. Kufikia Jumanne jioni nilikuwa na karatasi zote isipokuwa mhuri wa ubalozi. Kesho yake ofisi zilikuwa zinafungwa saa sita kwa ajili ya sikukuu ya huku ya Shukrani, mpaka Jumatatu, na ndege ilikuwa Ijumaa. Msimamizi wangu hotelini alininyima ruhusa. Isack alikuwa na gari, alikuwa na mapumziko, na usiku ule alinipigia akasema nimpe faili alipeleke yeye asubuhi. Nikakataa. Nilimwambia atavuruga mpangilio wa kurasa. Ukweli ni kwamba sikutaka faili lile lipite mkononi mwa mtu mwingine, nilitaka iwe mimi. Nilitoroka zamu saa tano, nikafika saa sita na dakika arobaini. Mlango ulikuwa umefungwa.

Mliambiwa ndege iliahirishwa. Shirika la ndege halikuahirisha chochote, Mama Clement. Nafasi yetu ilikuwepo Ijumaa na sisi hatukuwa na karatasi. Nafasi iliyofuata ilikuwa baada ya siku nane. Tangazo lililosema Boniface amechelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa kamati nililiandika mimi, saa tisa alasiri siku ileile, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ubalozi. Mwenyekiti wa kamati aliuliza, nikamwambia kosa ni la ndege. Isack alijua, akanyamaza kwa kunihurumia.

Siku hizo nane ulilisha waombolezaji, kaburi likajaa maji, shemeji zako wa Mbeya wakarudi kazini bila kuzika. Baba yake Boniface alilazwa siku mbili kabla mwanawe hajafika, na hakumwona akiingia kaburini. Haya yote uliniambia wewe mwenyewe, na ukamaliza kwa kunishukuru. Kila tukiongea unasema mimi ndiye niliyemleta Boniface nyumbani. Miaka minne karibu nimepokea shukrani hiyo.

Bi Cheryl alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama familia inajua. Nikasema haijui. Hakusema neno la kunilaumu. Alisema tu kwamba pale kwake jambo likiharibika, familia hupigiwa simu siku hiyohiyo, na kwamba hiyo ndiyo kazi, makaratasi ni ya ziada. Jumatano wamenipigia kunipa nafasi. Wanataka jibu kabla ya tarehe 24.

Sikuombi ruhusa ya kufanya kazi, wala sitaki ubebe mzigo wa kunikatalia. Lakini siwezi kutia saini kazi ya kuwaambia watu ukweli wakati wewe sijakwambia. Nimeandika kwa sababu nakufahamu tangu tulipolala kitanda cha juu na chini pale bwenini: kwenye simu ungesema "hakuna neno, Ghati" kabla sijamaliza sentensi. Sitaki uniambie hakuna neno. Lipo. Soma, kasirika, ukae nalo muda unaotaka. Wazee wa ukoo ukipenda wasomee. Nilikosa kwa majivuno, kisha nikadanganya kwa woga. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Wape watoto salamu. Clement mwambie kitabu cha hesabu nimempa Isack. Mama mkwe wako mshike mikono kwa niaba yangu, ukiona inafaa.

Ni mimi rafiki yako,
Ghati

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Mvua bado. Nimeirudia barua na sijafuta kitu. Nimemsomea Isack kwenye simu ile sehemu inayomhusu, amesema ataileta na atakaa kwako mpaka umalize kuisoma. Jana usingizi ulinipata saa nane kasoro robo.