Baba Mkwe Ananikimbiza Mezani

Mpendwa mshauri Bi Rehana, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijagombana na ukoo mzima, maana hasira zimenifika kooni. Naitwa Ikupa, ni mwalimu hapa Tukuyu, nimeolewa na Lusungu huu mwaka wa nne, na sifichi, napenda kula, tena napenda kula nje, Jumamosi naenda mgahawani peke yangu naagiza ninachokitaka nakula polepole, hiyo ndiyo starehe yangu, pombe sinywi na umbea sina.

Sasa unajua kwetu Wanyakyusa mkamwana hatakiwi kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake, wengi siku hizi wameacha lakini ukoo wa mume wangu wameing'ang'ania mila hiyo, na kule kijijini haina shida kwa sababu mzee akikaribia anakohoa nawe unajiondoa mapema, lakini mgahawani kila mtu anakohoa. Tangu mama mkwe afariki mwaka jana huyu mzee kahamia migahawani, kila ninapoanza kula naye anatokea.

Mara ya kwanza nilikuwa kwa Bi Zakia, pilau inatoa moshi na kachumbari pembeni, nimekula vijiko viwili tu nikaiona kofia yake mlangoni, nikapitia jikoni nikatokea uani kwenye masufuria machafu, na dirishani nikamsikia anaagiza pilau hiyohiyo na bado anaomba afungiwe nyingine ya kwenda nayo nyumbani, mtu mmoja, mshauri. Mara ya pili ni karibu na stendi, nakula mbalaga, zile ndizi zetu zilizopikwa na nyama mpaka mchuzi ukawa mzito, nikajifungia chooni nusu saa, kurudi sahani haipo, namuuliza mhudumu, Erasto, akanijibu, "Nilijua umeshiba, dada, ulivyochomoka vile." Nimeshiba nini wakati nyama yote ilikuwa bado?

Jumamosi iliyopita nikasema basi. Nilikuwa nakula wali na samaki wa Kyela wa kukaanga, mvua inanyesha, mzee akafika mlangoni, mimi nikageuza kiti nikampa mgongo nikaendelea mpaka mwiba wa mwisho, yeye akasimama kidogo akarudi zake kwenye mvua bila kula. Sasa shangazi yake Lusungu, Atupele, anasema nimemdhalilisha kaka yake, Jumapili kuna kikao, nipige magoti niape sitakula tena mgahawani, nisipoapa nirudi kwetu Kinyala, na Lusungu yuko upande wao, ananiambia, "Mke mwenye jiko anatafuta nini hotelini?" Mshauri, anayeonewa hapa ni mimi. Kosa langu ni lipi?

Ikupa, Tukuyu

Mwanangu Ikupa, marahaba. Mimi si Mnyakyusa, babu yangu alikuja huku na cherehani yake, lakini nimezaliwa hapa na mila zenu nazijua. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa hapo ulipojifungia chooni. Mara ya pili sikucheka.

Nianze na wanaokuonea. Kukulazimisha uape ni uonevu, na usiape. Mwalimu aliyesimama darasani wiki nzima ana haki ya kukaa chini akala samaki wake. Na huyo Lusungu anayeuliza mwenye jiko anatafuta nini hotelini, swali lake ni zuri, ila angemuuliza baba yake.

Umeandika mwenyewe kwamba mzee alianza kutokea migahawani baada ya kufiwa na mkewe. Wewe ukaona uroho. Hiyo pilau ya kufungiwa ilikuwa chakula chake cha jioni, mwanangu, alikwenda kuila peke yake. Wewe ulipoikosa sahani yako kwa Erasto ulirudi kwenye nyumba yenye moto jikoni. Yeye ulipompa mgongo, alirudi wapi?

Na sikulaumu peke yako, nimekasirishwa na ninyi nyote. Huyo shangazi Atupele mwenye uchungu na heshima ya kaka yake, amempelekea sahani ngapi tangu msiba? Ukoo mzima mnajua kumkimbia mzee na kuitishana vikao, na hakuna hata mmoja aliyebandika sufuria kwa ajili yake. Mnatia aibu.

Sasa fanya hivi, na usisubiri Jumapili. Kesho pika mbalaga, wewe unayejua utamu utaipika kuliko hao wa stendi. Abebe Lusungu kwa mikono yake, akae na baba yake wale pamoja. Mila imekukataza kuonana na mzee, haijakukataza kumpikia. Kwenye kikao omba radhi kwa ule mgongo, kwa sababu hapo ulikosa, na Lusungu ataifikisha kwa baba yake. Halafu uliza mbele ya wote nani atampikia mzee Jumatatu, nani Jumanne, anza na shangazi, na usikubali watu wainuke mpaka kila siku iwe na mtu wake.

Jumamosi ibaki yako. Nenda ukale. Mzee akitokea, ondoka upesi na wala usinune, maana siku hiyo utakuwa na hakika kwamba kaja kwa hamu, si kwa njaa.